Soksi Tatu na Kiti cha Mbele

Haya alinieleza mtoto wa marehemu dada yangu, Jumapili moja ya mvua mwaka jana, alipokuja kunirudishia mablanketi yangu yakiwa safi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, mablanketi mapajani, asiyaachie. Nikajua mzigo si mablanketi.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Mimi sina pa kwenda."

Akasema mpaka chai ikapoa mara mbili.

Huyu mtoto wa dada yangu ni dobi. Ana duka lake la kufulia na kupiga pasi, na mtaa mzima unamwita Dobi, hata watu waliosoma naye. Mumewe alifariki, sasa ni mwaka wa saba. Mabinti wameolewa. Jioni akifunga duka hupanda ngazi kwenda chumbani kwake, akapika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama. Aliniambia, "Mama mkubwa, ukiwa peke yako meza inakuwa kubwa mno. Afadhali usimame."

Sasa, kulikuwa na chama cha waonja mvinyo. Usicheke, na mimi nilicheka. Watu wazima ishirini hivi walikuwa wakikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, katika chumba cha juu ya duka la vitabu. Hunywa kidogo, hutema kwenye ndoo, halafu hubishana. Vitambaa vyao vya meza walivipeleka kwa Dobi vikiwa na madoa kama ramani. Siku moja Mwenyekiti wao, daktari wa meno mstaafu mwenye meno ya zambarau, akamwona anavinusa vile vitambaa kabla ya kuvilowesha.

"Unanusa nini, mama?"

"Hiki kilimwagikiwa na cheri zilizoiva sana," Dobi akasema. "Na hiki, kama kabati la mzee."

Mwenyekiti akaweka mkono kifuani. "Wewe umepotea njia. Njoo Jumamosi."

Akaenda. Miaka miwili baadaye wakamfanya katibu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka na kwa sababu yeye ndiye aliyeleta soksi. Chupa lazima zifichwe, watu wasisome jina wakajifanya wanajua. Na dobi, kitu asichokosa ni soksi moja moja ambazo wenyewe hawakurudi kuzitafuta. Basi kila chupa ikavishwa soksi. Wanachama wakawa wanasema, "Soksi ya kijivu ni tamu kuliko soksi ya mistari," kwa uso mkavu kabisa.

Kila mmoja aliandika kwenye kadi bila jina: soksi fulani, nasikia harufu hii na hii. Katibu akazikusanya na kuzisoma kwa sauti, zote, kama zilivyoandikwa. Hiyo ndiyo kanuni yao kubwa. Kadi ikishangiliwa kuliko zote, mwenyewe husimama.

Aliyekuwa akisimama mara nyingi ni fundi saa. Ana kiduka chembamba mtaa wa pili, mrefu, mjane kama Dobi, mtu wa maneno machache. Chamani walimwita Pua. Akisema mvinyo unanuka ngozi ya kiatu kipya, watu wote walianza kusikia viatu.

Fundi Saa alikuwa mteja wa Dobi. Shati nne na koti moja, kila Jumatatu. Siku moja amesimama pale kaunta anamweleza habari ya saa ya ukutani iliyokuwa ikirudi nyuma, na Dobi, kwa kumsikiliza, akaisahau pasi juu ya kitambaa. Moshi ukapanda nyuma yake. Harufu ikajaa duka zima. Mpita njia nje akaziba pua. Fundi Saa akaendelea, "…basi nikaifungua, nikakuta buibui." Hakukunja hata uso.

Dobi akaichomoa pasi polepole. Akamtazama. Akaelewa kila kitu: kwa nini siku hizi shati zake huja na uvundo bila yeye kujua, na ile homa kubwa aliyougua mwaka ule ilimwondolea nini. Akacheka habari ya buibui.

Tangu siku hiyo akawa anakaa karibu naye chamani. Na Dobi ana tabia moja tangu darasani: akiandika, hunong'ona. Sasa akanong'ona kwa sauti zaidi kidogo. "Plamu… moshi… karatasi ya zamani…" Fundi Saa huinamia kadi yake, kalamu inatembea. Wakati mwingine huinua macho pamoja yakakutana, na Dobi huhisi shingo yake imepata moto kama mtu aliyeinamia pasi.

"Ulimpenda lini?" nikamuuliza.

"Sijui, mama mkubwa. Nadhani nilikuta tayari."

*

Mwaka jana chama kikapanga safari. Siku tatu kwenye milima ya mizabibu, basi la kukodi, nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Mwenyekiti alisoma maelekezo dakika arobaini: kofia, viatu vya kutembea, nani anakoroma na nani hakoromi, nani alale na nani, basi kuondoka saa kumi na mbili asubuhi juu ya alama. Na jambo lao la zamani: mshindi wa maonjo ya mwisho kabla ya safari ndiye kiongozi wa msafara. Hukaa kiti cha mbele kabisa cha basi, vile viti viwili vyenye kioo kikubwa, na huchagua mwenyewe wa kukaa naye.

Nguo za safari Dobi alikuwa amekwisha kuzipiga pasi. Aliniambia bila kunitazama.

Jumamosi hiyo soksi zilikuwa tatu: ya mistari, ya kijivu, na moja yenye tobo kwenye kidole gumba. Watu wakaonja, wakatema, wakaandika. Ajabu ni kwamba Fundi Saa siku hiyo hakukaa karibu naye. Alikaa dirishani peke yake, akaandika haraka, akageuza kadi, akaandika tena, akawa wa kwanza kuirudisha.

Akaanza kusoma. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wanacheka, wanapinga, mmoja anaapa amesikia harufu ya tembo. Akaifikia ya saba. Mwandiko mdogo uliosimama wima, kama namba kwenye uso wa saa. Na imeandikwa hivi:

*Soksi ya mistari: sisikii kitu. Soksi ya kijivu: sisikii kitu. Soksi yenye tobo: sisikii kitu. Ni mwaka mmoja na miezi minne sasa. Niwieni radhi.*

Watu ishirini wanamtazama mdomoni. Mwenyekiti keshaegemea kiti tayari kutania. Dobi akainua macho, akamwona Fundi Saa dirishani amekaa wima, mikono magotini, kama mtu aliye kwenye kiti cha kung'olewa jino.

Moyo wake ukasema, watamcheka. Na hataki kuona wakimcheka.

"Soksi ya mistari," akasoma, akakohoa, "nasikia plamu iliyoanza kukauka. Ya kijivu: jiwe lililolowa, na ganda la limau. Yenye tobo… yenye tobo, nasikia nyumba ambayo mtu amerudi baada ya siku nyingi, akafungua madirisha."

Wakapiga makofi mpaka glasi zikalia.

"Hiyo ndiyo!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Mwenyewe asimame!"

Hakusimama mtu.

"Pua, acha haya za bwana harusi! Nani mwingine anaandika hivyo? Simama!"

Fundi Saa akasimama polepole. Hakumtazama Mwenyekiti. Alimtazama Dobi, na yale macho, Dobi aliniambia, hayakuwa na shukrani hata tone.

"Kiongozi wetu! Haya, utakaa na nani mbele?"

"Nitasema siku nyingine," akajibu. Akachukua kofia yake, akashuka ngazi.

*

Jumatatu akaja dukani na shati nne na koti. Akaviweka kaunta.

"Jumamosi ulisoma nini?"

"Nilisoma kadi yako, fundi."

"Kadi yangu haikuwa na plamu."

Dobi akavuta shati moja, akaanza kuhesabu vifungo. "Wangekucheka."

"Wangenicheka mimi au wangekucheka wewe?"

"Wewe."

"Basi ungeniachia kicheko changu. Ulijua. Hukushtuka hata kidogo. Ulijua tangu lini?"

"Tangu pasi."

"Pasi gani?"

"Ile siku ya buibui. Niliunguza kitambaa, moshi ukajaa, na wewe unaendelea kuongea."

Fundi Saa akahesabu kichwani. Yeye kazi yake ni muda, hesabu hiyo haikumchukua muda. "Karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kule kunong'ona kwako…"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Unanisomea imla! Kama mtoto wa darasa la pili!" Hii ndiyo mara ya kwanza Dobi kumsikia akipandisha sauti. "Na mimi mjinga nadhani unanong'ona kwa sababu…" Akaishia hapo.

"Kwa sababu gani?"

"Basi."

"Sema, fundi."

"Niliitafuta mistari ile mwaka mzima. Niliiandika nyumbani mara kumi, nikaichana mara kumi. Jumamosi nikasema leo, nife au nipone. Wewe ukaishika mkononi, ukaiona ni doa. Kazi yako si ndiyo hiyo? Ukaitoa. Ikawa safi, imenyooka, imepigwa pasi. Lakini haikuwa yangu tena."

"Sikutaka uonekane…"

"Nimeonekana! Nimesimama mbele za watu nikapigiwa makofi kwa pua ya mtu mwingine!"

"Nilitaka ukae mbele," Dobi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na nani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno dogo tu, herufi sita, *na mimi*. Mwanangu alilikuta neno limefika mpaka kwenye meno. Na Mungu naye ana mizaha yake, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja mnene akihema.

"Dobi! Mapazia yangu! Wageni wangu wanafika leo na madirisha yako uchi!"

Dobi akageuka kuchukua mapazia. Nusu dakika, haikuzidi. Alipogeuka tena, Fundi Saa alikuwa mlangoni.

"Safari njema," akasema. "Mimi siendi."

"Fundi…"

"Hukuigeuza hata kuigeuza ile kadi, siyo?"

Akaondoka. Shati na koti vikabaki kaunta bila hata kuandikiwa namba.

Kadi zote za chama Dobi huziweka kwenye kopo la biskuti chini ya kaunta. Mwenye mapazia alipotoka tu, akaliinamia. Akaipata ile ya saba. Akaigeuza. Mwandiko ule ule uliosimama:

*Kama ningali naruhusiwa kwenda safari, naomba nikae na Katibu. Aniambie njia nzima inanukaje.*

Aliketi sakafuni kati ya vikapu vya watu. Alikuwa ameombwa, mama yangu wee, mbele ya watu ishirini, na mdomo wake mwenyewe ndio ulioligeuza ombi hilo kuwa ganda la limau.

*

Juma hilo lilikuwa refu. Alimpigia simu, haikupokewa. Akapita mbele ya kiduka chake mara mbili. Fundi Saa ameinama, kile kioo cha mafundi jichoni, hakuinua kichwa. Mwenye kioo jichoni huenda haoni aliye mlangoni. Huenda pia hataki.

Ijumaa alasiri akaja binti mkubwa wa Dobi, mwalimu wa chekechea, akamkuta anafunga begi.

"Kwa hiyo bado unaenda, mama."

"Naenda."

"Na uliniambia yule fundi haendi. Afadhali."

"Afadhali nini?"

"Mama, una wajukuu wawili. Mama mkwe wangu ameshaniuliza, eti mama yako anasafiri na walevi? Nimjibu nini?"

"Mwambie tunatema."

"Mama!"

"Mwambie tuna ndoo."

Binti hakutaka kucheka, akacheka, akakasirika kwa kuwa amecheka. "Baba angekuwepo…"

"Baba yako angekuwepo, ningekaa naye yeye." Dobi akavuta zipu. "Mwanangu, wewe ukirudi nyumbani kuna anayekuuliza umeshindaje. Mimi nimemaliza miaka sita sijaulizwa. Mwaka huu mtu aliniuliza, kwa maandishi, na mimi sikugeuza karatasi."

Binti hakuelewa. Kesho yake kabla hakujapambazuka alikuja mwenyewe na gari, akambebea mama yake begi mpaka kituoni. Alimfunga tu kifungo cha juu cha sweta, kama Dobi alivyokuwa akimfunga yeye.

Saa kumi na mbili. Basi limejaa, vikapu juu, kofia vichwani. Viti viwili vya mbele viko wazi.

"Pua yuko wapi?" Mwenyekiti anauliza huku anatazama saa. "Fundi saa mzima, na anachelewa!"

"Haji," Dobi akasema. Akapanda, akasimama pale mbele, akageuka kuwatazama wote. Ile kadi alikuwa nayo mkononi. "Kabla dereva hajawasha, nina kadi moja niliisoma vibaya. Naomba niisome tena."

Akaisoma. *Sisikii kitu, sisikii kitu, sisikii kitu.* Mwaka mmoja na miezi minne. Niwieni radhi. Akaigeuza, akasoma na nyuma.

"Yale mengine yote niliyatunga mimi," akasema. "Yeye aliandika ukweli. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia.

"Kwa hiyo mwaka mzima tumekuwa tunafuata pua isiyonusa?"

"Na tulikuwa tunakubaliana nayo!" mwingine akadakia. "Wewe si uliapa umesikia viatu?"

Basi zima likacheka. Dobi akasikiliza kile kicheko alichokiogopa, akakuta hakina meno. Walikuwa wanajicheka wenyewe. Angekuwepo, Fundi Saa naye angecheka. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mwenyekiti akasimama, akajaribu kuwa mkali. "Katibu, kanuni unaijua. Anayesoma kadi isivyoandikwa anavuliwa ukatibu."

"Nimejivua mwenyewe."

"Vizuri. Sasa keti. Hapo mbele."

"Hapa ni pa mshindi, Mwenyekiti."

"Na mshindi amesema atakaa na nani. Tumesikia wote." Akakaa, akavuta kofia usoni. "Dereva, washa."

*

Dobi akaketi dirishani. Kwenye kile kiti cha pili akaliweka koti la Fundi Saa, ambalo alilichukua dukani bila kujua atalipeleka wapi. Mji ukaanza kurudi nyuma: maduka yamefungwa, mtu anafagia mbele ya mlango wake, mbwa anatazama basi. Akatoa simu.

*Nimeisoma,* akaandika. *Mbele na nyuma. Wote wamesikia.*

Zile alama mbili ndogo zikakaa kijivu muda mrefu. Halafu zikageuka buluu. Amesoma. Jibu halikuja.

Akangoja mpaka nyumba zikaisha. Akafungua dirisha kidogo, akaandika tena.

*Ya kwanza: dizeli. Na machungwa, kuna mtu nyuma anamenya.*

Buluu. Hakuna jibu.

*Ya pili: tumepita kiwanda cha mbao. Inanuka kama droo mpya.*

Buluu.

Nyuma yake watu walikuwa wameamka mapema mno. Mmoja mmoja wakaanza kuinama. Yule wa tembo akalala mdomo wazi. Mwenyekiti akakoroma, na ndiye aliyekuwa ameandikwa kwenye orodha ya wasiokoroma. Jua likapanda, basi nalo likapanda, na kilima cha kwanza kikafunguka chenye mistari na mistari ya mizabibu, kama kitambaa kilichoshonwa na mtu mwenye subira.

*Ya tatu: mashamba yameanza. Nilidhani yatanuka mvinyo. Yananuka majani na udongo uliolowa, kama shamba lolote. Hujakosa makubwa.*

Kisha akafuta *hujakosa makubwa*, kwa sababu huko kulikuwa kuanza tena kumfutia. Akatuma iliyobaki. Buluu.

Alikaa na simu mapajani kitambo kirefu. Uzuri wote ule unapita kwenye kioo kikubwa, naye hana wa kumgusa mkono akamwambia tazama. Macho yakawa mazito. Juma zima hakuwa amelala sawasawa. Akaliinamia lile koti, akaandika ya mwisho kwa kidole kimoja.

*Ya nne: kiti cha pembeni yangu. Koti lako. Mafuta ya saa, uvundo kidogo wa kabati, na wewe. Sikulifua.*

Akazitazama zile alama. Kijivu. Kijivu. Basi likakata kona, likakata nyingine.

Zikageuka buluu.

Hakungoja zaidi ya hapo. Alivuta mkono wa koti akaulaza begani, akaegemeza kichwa kwenye kioo, na ukimwacha dereva, Mungu amtie nguvu, mtu wa mwisho kulala ndani ya basi lile alikuwa yeye.